Uhakiki wa Programu Tumizi za Kufundishia Watoto Ala za Jadi za Wamalei: Mfano wa Kompang na Rebab

Nchini Malaysia, programu tumizi nyingi za kuwafundisha watoto ala za jadi za Wamalei hufuata mtindo uliokwisha kuzoeleka: picha ya ala huoneshwa kwenye skrini, mtoto huigusa, mlio husikika, kisha jaribio fupi hupima kama ameshika jina. Msingi wake wa kinadharia ni rahisi kuutambua. Richard Mayer anashikilia kwamba maneno yakiambatana na picha hufunza zaidi kuliko maneno peke yake. Nadharia hiyo haina kosa hapa. Tatizo ni kile kinachofunzwa. Mtoto hutoka akiitambua ala, ila hajui inafanya nini miongoni mwa watu.

Kompang ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Ni ngoma ya mkono yenye uso mmoja wa ngozi, aghalabu ya mbuzi, na kama yalivyo matari ya pwani ya Afrika Mashariki, husikika katika harusi na maulidi. Vidole vikibanwa pamoja na kupiga ukingoni, mlio huwa mzito. Vikitanuliwa, huwa mkali. Ngozi ikilegea, kipande cha henzirani husukumizwa kati yake na mbao ili ikaze. Skrini ya kugusa haijui ukingo wala kulegea. Hata hivyo, hilo ni pengo dogo. Kubwa ni kwamba kompang hupigwa kwa kundi: wapigaji hugawana mapigo, kila sehemu ikijaza nafasi iliyoachwa na nyingine, hata mdundo unaosikika usiwe wa mpigaji yeyote peke yake. Programu inayompa mtoto mmoja kompang moja humfundisha ala nyingine kabisa.

Rebab, ala ya nyuzi inayopigwa kwa uta, hupoteza zaidi. Katika Mak Yong ya Kelantan, sanaa iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005, onesho hufunguliwa kwa waigizaji kuketi wakiielekea rebab. Kuiweka kama aikoni mojawapo kati ya kumi ni kuifuta hadhi hiyo. Aidha, sauti yake huteleza. Vibonyezo vya noti huikatakata. Mak Yong iliwekewa vikwazo vya serikali ya jimbo hilo tangu miaka ya 1990 hadi 2019. Kwa mtoto asiye na fundi karibu, skrini ndiyo huwa ufafanuzi wa ala, na kosa lake halina wa kulisahihisha.

Teknolojia ina uwezo ambao wasanifu hawajautumia ipasavyo. Inaweza kupunguza kasi ya mdundo, kunyamazisha sehemu moja ya kompang ili mtoto aijaze, na kuunganisha vifaa vitatu vipigwe pamoja. Tathmini nayo ingebidi ibadilike. Dodoso la kuridhika, ambalo watoto hulijibu kwa furaha karibu kila mara, halithibitishi lolote. Kinachopaswa kupimwa ni kama watoto watatu, wakipewa kompang halisi, wanaweza kila mmoja kushikilia sehemu yake bila kuvutwa na za wenzake.