Mhindi Asiye na Jana: Uhusika katika Vichekesho vya Runinga

Waigizaji wenye asili ya Asia wamezidi kuonekana katika runinga ya Uingereza. Miongoni mwa waliowafungulia njia ni Gurinder Chadha, mzaliwa wa Nairobi (1960), aliyeiongoza filamu ya Bend It Like Beckham (2002) na kushiriki kuiunda tamthilia ya Beecham House ya ITV (2019). Katika filamu hiyo, Bwana Bhamra alisifika kwa kriketi ujanani Nairobi, kisha vilabu vya Uingereza vikamkataa. Uchungu huo ndio unaomfanya amzuie bintiye kucheza kandanda.

Mhindi wa vichekesho vyetu hana jana. Husimama nyuma ya kaunta, huvunja upatanisho wa ngeli, tukacheka, akaondoka. Mbukusu naye huchekwa kwa matamshi yake (sisi wa Myanga twalijua hilo), ila yeye hupewa boma, shamba na hasira. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa jamii ya 44. Waandishi wetu wamebaki dukani. Kuongeza waigizaji pekee hakutoshi: Mhindi akikabidhiwa mistari ileile, atalazimika kuiga kejeli aliyotungiwa. Aandikiwe Kiswahili cha mtu aliyezaliwa Bungoma, na jambo la kuficha.