Ufundi wa Kukadiria Ishara za Simu

Ishara za udhibiti ni mawasiliano yanayopita kati ya simu na mtandao bila mwenye simu kuyasikia. Simu hujitambulisha inapowashwa, huripoti inapohamia eneo jingine, na huitwa na mtandao kabla ya kulia. Meseji nazo hupita humohumo. Anayekadiria shughuli hizi hashughuliki na dakika za maongezi. Huhesabu matukio, na sekunde ambazo kila tukio hushikilia chaneli.

Kipimo cha mzigo huo hubeba jina la A. K. Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na kuchapisha fomula yake mwaka 1917. Matukio ya saa yenye shughuli nyingi huzidishwa kwa sekunde za kila tukio, kisha hugawanywa kwa 3600. Seli ya GSM, yaani sehemu inayohudumiwa na antena ya mnara, yenye simu 2000, kila moja ikiripoti mara moja kwa saa kwa sekunde 4, ina mzigo wa erlang 2.2. Kwa fomula ya Erlang, chaneli ndogo 8 za ishara hubeba takriban erlang 3.6, maombi 2 katika kila 100 yakikataliwa. Hapo nafasi ingalipo. Lakini mwisho wa mwezi watu 200 wakibonyeza msimbo *150*00# katika saa hiyo ili watume pesa, kila mmoja akikaa kwenye menyu sekunde 30, huongezeka erlang 1.7. Seli imeelemewa, na hakuna aliyepiga simu.

Ustadi hasa huonekana katika kuchora mipaka ya maeneo ambayo simu huripoti inapoyahamia. Eneo likiwa kubwa, simu inayotafutwa huitwa na minara mingi mno. Likiwa dogo, simu huvuka mipaka na kuripoti kila mara. Idadi ya wanaovuka hukadiriwa kwa kuzidisha msongamano wa simu, mwendo wa wastani na mzingo wa eneo, kisha kugawanya kwa pai. Fomula hiyo huchukulia kwamba watu huelekea kila upande kwa usawa. Kivuko cha Kigamboni jijini Dar es Salaam hakifuati kanuni hiyo: pantoni moja huvusha mamia ya simu kwa pamoja, na mpaka ukichorwa juu ya mkondo unaovukwa, zote huripoti karibu wakati mmoja. Mkadiriaji hodari huusogeza mpaka hadi wanakopita wachache.

Mtandao ukishawashwa, makadirio hulinganishwa na vihesabio vya minara. Palipo na tofauti, sekunde na idadi hurekebishwa, na seli inayofuata hupangwa kwa takwimu zilizokwisha kupimwa.