Maji Yaliyombeba Mwindo

Karisi ni jina ambalo Wanyanga wa Walikale, huko Kivu Kaskazini, huyapa masimulizi marefu ya shujaa, yanayosemwa, kuimbwa, kuchezwa na kuigizwa na mtu mmoja. Inayojulikana kuliko zote ni ya Mwindo. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mtambaji Candi Rureke aliitamba kwa siku 12 mbele ya mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck, ambaye aliichapisha mwaka 1969 akiwa na mtaalamu wa lugha Kahombo Mateene, Mnyanga wa kuzaliwa. Kwa desturi mtambaji hutoa sehemu tu, kadiri usiku unavyoruhusu. Kuitoa yote kwa mfululizo ni kazi ambayo hata fundi kama Rureke hakuwa ameizoea.

Mtambaji husimama na kibuyu cha kutikisa na usinga wa mkia wa nyati, njuga zikilia miguuni. Kando yake vijana watatu hupiga kijiti kikavu kilichoinuliwa kidogo juu ya ardhi. Habari ikifika mahali pa wimbo, wasikilizaji huitikia, naye huchanganya humo methali na mambo ya maisha yake mwenyewe. Wakati huo hamsimulii Mwindo tena. Usinga ulio mkononi ni ule ule aliozaliwa nao shujaa, na anayeimba ni Mwindo.

Umahiri wa karisi hii unaonekana hasa katika habari za mama na maji. Shemwindo, mwami (mtawala) wa Tubondo, ameamuru wake zake saba wazae wasichana tu. Mimba ya mmoja wao, Nyamwindo, inapitiliza siku zake. Kisha, bila yeye kunyanyuka, kuni zinatua mlangoni, mtungi wa maji unafika ndani ukiwa umejaa, na mboga zinafuata. Mtoto aliye tumboni ndiye anayevileta. Ni vitu vidogo, mzigo wa kila siku wa mwanamke wa kijijini, na ndiyo sababu vinagusa moyo: kabla ya kumwonyesha Mwindo akishinda vita, mtambaji anamwonyesha akimtekea mama yake maji.

Mwindo anachagua mwenyewe njia ya kuzaliwa. Anapanda tumboni, anashuka mkononi na kutokea katika kidole cha kati cha mama, akiwa tayari anasema na kutembea. Mbali sana na Kivu, katika utendi wa Kalevala ambao Elias Lönnrot aliukusanya Ufini na Karelia na kuutoa mwaka 1835, kisha kwa upana zaidi mwaka 1849, Ilmatar anaelea baharini na mimba kwa miaka 700. Ndege anatagia gotini pake, mayai yanavunjika, na vipande vyake vinakuwa dunia, mbingu, jua na mwezi. Naye mtoto wake, Väinämöinen, anachoka kungoja, anasukuma mlango wa tumbo kwa kidole na kutoka akiwa mzee. Karisi ya Mwindo haielezi chanzo cha ulimwengu. Dunia, vijiji na mito vipo tayari. Lakini pande zote mbili mtoto anajitoa mwenyewe, na maji yanampokea.

Kwa Mwindo mapokezi hayo yanaanza kama adhabu. Baba anamrushia mikuki, anamzika, na yote yanashindikana. Mwishowe anamfungia ndani ya ngoma iliyowambwa ngozi na kuitosa katika kina cha mto. Mvua inanyesha siku saba, na njaa inaingia Tubondo. Ngoma inaibuka ikiimba. Wasichana waliokuja kuteka maji wanatupa mitungi na kukimbia. Ndani ya ngoma Mwindo anatangaza kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka mkuu wa majini. Hapa mtambaji hana haraka. Wimbo unarudiwa, kijiti kinagongwa, na safari yote inabebwa na sauti.

Iyangura anaipasua ngozi kwa kisu, na miali ya jua na mwezi inamulika kutoka ndani. Ni uzazi wa pili, safari hii ukiwa na mkunga, na mkunga huyo ni dada wa yule aliyetaka kumwua. Tangu hapo uzazi unabaki mikononi mwa shangazi. Mwindo anaporudi Tubondo, na baba kukimbilia kuzimu kwa Muisa, bwana wa huko, anamfuata, lakini kwanza anatoa kamba ndefu iliyokuwa katika mfuko aliozaliwa nao. Ncha moja anamwachia Iyangura, na kumwagiza: kamba ikitulia, ajue amekufa. Huko chini Muisa anampiga, na kamba inanyamaza mkononi mwa shangazi. Kisha usinga unamwamsha, na Iyangura anaisikia ikitikisika tena.