Besi Haipigiwi Makofi

Wahakiki wetu wana mazoea mabaya. Wakitoka dansini na kushika kalamu, wanaandika habari za mwimbaji, kisha mpiga solo, kisha wanenguaji. Mpiga besi hatajwi hata kwa bahati mbaya. Yule bwana anasimama nyuma karibu na drams, hacheki, haruki, na ukumbi mzima unamkumbuka siku umeme wa spika yake ukikatika. Leo nahakiki chombo chake, gitaa la besi. Na niseme mapema, ndugu msomaji, usije ukaona nimekuficha: nimelizimia.

Gitaa lenyewe liko hapa Kipatimu, kwenye vilima vya Umatumbi, wilaya ya Kilwa. Vijana watano wanaopiga kwenye maharusi walilinunua Kariakoo kwa fedha za machungwa ya msimu uliopita, na deni juu yake. Lilikuja kwa basi mpaka Njia Nne, likapandishwa milima kwa bodaboda, limeviringishwa khanga mbili za mama wa mpiga drams. Jina la kiwanda silitaji, maana sikulipwa kulitangaza. Lina nyuzi nne, rangi ya maji ya ukwaju, sumaku mbili za kunasia sauti, na shingo nyembamba ambayo mkono wangu, uliozoea kalamu kuliko nyuzi, uliipokea bila kulalamika.

Nilipougusa uzi mnene kuliko wote, niliusikia mbavuni kabla ya masikioni. Hapo hakuna uchawi. Uzi huo ukipigwa wazi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na sauti nzito kiasi hicho unaisikia kwa kifua pia. Spika ya simu, ndogo kama kifuniko cha soda, haina nguvu ya kuitoa. Vijana wengi huku muziki wao ni wa simu. Wamezijua nyimbo kwa maneno na kwa solo, lakini besi walikuwa wanaibunia tu. Siku gitaa hili lilipofungwa kwenye amplifaya, watu waligeuza shingo kama waliosikia gari la mizigo linapanda mlima.

Haya, mapenzi ni mapenzi, lakini mhakiki asiyelinganisha ni mpiga debe. Tulinganishe.

Mkubwa wa ukoo ni dabal besi, ile inayosimama wima kama mtu. Ukitaka kuijua, sikiliza taarabu asilia ya Unguja: Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoasisiwa mwaka 1905, au Culture Musical Club. Sauti yake ina mbao na pumzi ndani yake. Noti inaanza kwa kishindo laini, halafu inakufa upesi na kuwaachia nafasi udi na fidla. Uzuri huo gitaa letu halina, tusidanganyane. Ila jaribu kuipakia dabal besi kwenye bodaboda pale Njia Nne, kisha uniambie.

Shida ya namna hiyo ndiyo iliyomshughulisha Leo Fender kule California. Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi la mbao nzima, lisilo na tumbo, lenye vyuma vidogo vinavyokatiza shingo ili kidole kipate noti pasipo kubahatisha. Ndiyo maana akaliita Precision. Sauti yake ni moja tu, nene, haina mapambo. Mwaka 1960 akaleta Jazz Bass, shingo nyembamba zaidi na sumaku mbili, sauti yenye ukali kidogo wa puani. Wajerumani nao, kiwanda cha Höfner, walikuwa wametengeneza lao lenye umbo la fidla, jepesi, tupu ndani, nyuzi fupi. Hilo ndilo alilonunua Paul McCartney mjini Hamburg mwaka 1961. Linatoa sauti ya mviringo, kama mtu anayeongea huku amefunika mdomo kwa kiganja. Hili letu ni mtoto wa ukoo wa Fender: ukikaza sumaku ya shingoni linanena kwa uzito, ukifungua ya nyuma linaanza kubisha.

Lakini mpinzani wake wa kweli hakai Marekani. Anakaa humu humu chumbani, amening'inizwa msumarini. Ni gitaa la zamani la kikundi. Rangi imebanduka, nyuzi hazijabadilishwa sijui tangu lini. Nilipiga mstari mmoja kwenye yote mawili. La zamani linaangusha noti kama embe lililoiva: pu, basi. Jipya linavuta, linang'ara, na kila kosa la kidole linalitangazia ukumbi mzima. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo tele za Motown, alisifika kwa kutopenda kubadilisha nyuzi. Nilipolisikia la msumarini nikamwelewa. Kwa wimbo wa taratibu nalipa hilo ushindi. Kwa sehemu ya mwisho, pale mwendo unapochanganya na vumbi linatimka, jipya halina mpinzani.

Dansi letu limelelewa na besi. Huku Kilwa tuna fahari ya jina la Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, ingawa makao yake yalikuwa Dar es Salaam. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilipita kwenye majina ya JUWATA na OTTU mpaka ikatua kwenye Msondo Ngoma. Wapinzani wao, Mlimani Park ya mwaka 1978, wakajiita Sikinde. Majina yote mawili ni ya ngoma. Mimi naona jambo pale: chombo kinachokaa kwenye kiti cha ngoma kubwa ni besi. Sikiliza rekodi za Redio Tanzania za enzi hizo. Besi inanyamaza pale unapoingojea, halafu inamjibu mpiga solo kama shangazi asiyetaka maneno mengi.

Sasa kiini cha barua hii. Deni la gitaa halijaisha, na kwenye kikao wamezuka wanaosema liuzwe. Hoja yao si ya kipuuzi. Kinanda kina besi ndani yake, mpigaji anaibonyeza kwa mkono wa kushoto, na fedha ya harusi inagawanywa kwa wanne badala ya watano. "Kaka, wewe unaandika, sisi tunadaiwa," mmoja aliniambia. Kweli tupu. Hata hivyo nampinga. Besi ya kinanda haichelewi, haichoki, na haimwangalii mtu. Mpiga besi anaiona miguu ya bibi harusi ikisita, na yeye anasita naye. Mkimwondoa, mtaokoa fungu moja la fedha na kupoteza sikio moja.

Waandishi chipukizi, msidhani nimetoka nje ya ukurasa. Hadithi nyingi tunazoleta kwenye jarida hili ni solo mwanzo mpaka mwisho. Kila sentensi inataka makofi. Umatumbi huu, pale Nandete, ndipo Vita vya Majimaji vilipoanzia mwaka 1905, na Ebrahim Hussein aliviandikia tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Rudini kuisoma mwisho wake. Shujaa anatakiwa atamke jambo moja dogo, naye anakataa. Katika tamthilia yenye makelele ya vita, uzito wote umekaa kwenye neno lisilosemwa. Hiyo ni besi.

Hukumu yangu basi. Gitaa hili si bora kuliko yote niliyoyataja. Linang'ara mno, na litahitaji miaka miwili mitatu ya jasho kabla halijapata adabu ya lile la msumarini. Lakini lisiuzwe, wala la msumarini lisiuzwe. Kikao ni Jumapili, na hoja yangu nitaisoma hii hii. Mwenye kuipinga aje na kinanda chake, tupige wimbo mmoja mara mbili, na wachezaji waamue kwa miguu.