Filamu ya Fedha Haba na Mlango wa Tamasha

Watungao filamu kwa fedha haba hujiuliza: je, kazi yangu yatosha kupelekwa katika tamasha? Swali hilo huipima filamu kwa thamani ya vyombo vilivyoitengeneza. Lililo bora ni hili: filamu hii imeona nini ambacho mwingine hakukiona, na ni nani apasaye kuitazama kwanza?

Natutwae mfano wa Nkome, mwalo wa wavuvi ulio ufukoni mwa Ziwa Victoria, katika Wilaya ya Geita. Tuseme kijana wa huko ametunga filamu ya dakika 20 juu ya wachuuzi wa dagaa, kwa simu yake tu. Sauti imechanganyika na upepo. Picha za usiku zina giza. Aipeleke au aiache?

Ziwa hilo limekwisha kuonekana katika matamasha. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alionyesha huko Venice filamu yake Darwin's Nightmare, juu ya biashara ya sangara mjini Mwanza. Hakufuatana na kundi kubwa la mafundi. Hata hivyo mwaka 2006 kazi yake ilishindania tuzo ya Oscar. Mwaka huo huo Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwamba yaichafua nchi. Twajifunza mambo mawili: uchache wa fedha haufungi mlango, na hotuba, hata ikiwa ya haki, haiwezi kushika mahali pa filamu. Picha hujibiwa kwa picha.

Wako wasemao kwamba kazi dhaifu humwaibisha mtungaji, afadhali angoje. Hoja hiyo ina uzito, lakini yataka kupambanuliwa. Giza la ziwani lenye taa za wavuvi kwa mbali ni sehemu ya kisa. Maneno ya mwigizaji yasiyosikika ni uzembe, nao hauponywi kwa kisingizio cha umaskini. Tena, kama kijana huyo ameazima jumba na gari ili wavuvi wake wafanane na matajiri wa filamu za mijini, basi na aiache nyumbani. Kwa maana ameuacha utajiri aliokuwa nao.

Ikiwa imefaulu mtihani huo, ipelekwe. Na Zanzibar yafaa kutangulia. Tamasha la huko, lililoanza kuonyesha filamu mwaka 1998, lina watazamaji wanaocheka kabla ya kusoma tafsiri chini ya picha. Wala filamu fupi si jambo la kudharauliwa: Amil Shivji alikuwa na Shoeshine mwaka 2013, kisa cha mpiga kiwi, mwaka 2021 Vuta N'kuvute, aliyoitoa katika riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa Toronto.

Lakini pana kikwazo kimoja. Baadhi ya matamasha hutaka filamu ambayo haijapata kuonyeshwa popote, na mengine hutoza ada asiyoimudu mchuuzi wa dagaa. Je, wana Nkome wangojee mpaka wageni waridhike? Nasema hapana. Ionyeshwe kwanza katika banda la video pale mwaloni, mbele ya wale waliotoa nyuso zao. Wao watatambua uongo upesi kuliko mwamuzi yeyote. Na kama kwa sababu hiyo mlango wa mbali utafungwa, na ufungwe.