Difyuza ya Flashi Kyela: Tazama Ukubwa Kabla ya Bei

Ukitaka kujua picha ya bibi harusi imepigwaje, huna haja ya kumuuliza mpigapicha. Ikuze mpaka jicho lijae kwenye kioo cha simu. Ukiona nukta moja nyeupe, kali, katikati ya mboni, ujue hiyo ni flashi tupu iliyokaa juu ya kamera. Ukiona mraba mweupe pembeni, kuna mtu alishika kando softboksi, yaani boksi la kitambaa la kutandaza mwanga. Weupe hafifu uliotanda upande wa juu unaonyesha kuwa mwanga ulipigwa darini ukarudi. Kisha shuka puani. Kivuli chenye ukingo mkali kimetoka kwenye chanzo kidogo cha mwanga. Kinachofifia taratibu kimetoka kwenye chanzo kikubwa.

Kazi yote ya difyuza, yaani kifaa cha kulainisha mwanga wa flashi, imo humo. Mwanga hulainishwa na ukubwa wa chanzo chake kama kinavyoonekana kutoka usoni mwa anayepigwa picha. Uso wa flashi ya kuchomeka juu ya kamera ni takribani sentimita 7 kwa 4, yaani sentimita za mraba 28. Kile kikofia cheupe cha plastiki kinachouzwa kila duka la kamera hakiuongezi sana ukubwa huo. Softboksi ya sentimita 60 kwa 60 ina sentimita za mraba 3,600, zaidi ya mara 120. Ila ukubwa huo nao hupungua kwa umbali: ukiipeleka softboksi hiyo mita 4 kutoka kwa mtu, uso wake unaiona kama kipande cha sentimita 15 kilicho mita 1 tu. Ndiyo maana mafundi hawapendi kuiweka mbali kuliko mara mbili ya upana wake.

Mbona basi kikofia cha plastiki kina sifa? Kwa sababu hutawanya mwanga pande zote, na ndani ya chumba kidogo chenye kuta na dari nyeupe, mwanga huo hugonga na kurudi. Hapo chanzo chako kinakuwa chumba kizima. Sifa ni ya kuta, kikofia kimezisaidia tu. Sasa kitoe nje, kwenye uwanja wa sherehe Kyela mjini au ufukweni Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Mwanga unaokwenda juu na kando haurudi. Unabaki na chanzo kilekile kidogo, na umeshapoteza nusu ya mwanga au hata robo tatu. Flashi inalazimika kufyatua kwa nguvu zaidi, betri nne za AA zinachoka mapema, na keki inakatwa wakati wewe unasubiri taa ya utayari iwake.

Sherehe nyingi hufanyika chini ya turubai, na turubai lina mtego wake. Ukielekeza flashi juu kwenye turubai la bluu, nyuso zote zinarudi na ubluu, na gauni jeupe ndilo linaloumbuka kwanza. Vitambaa vya mapambo vya zambarau au dhahabu hufanya vivyo hivyo. Mabati yasiyo na dari hurudisha mwanga kwa mistari na mabaka. Kwa hiyo kabla ya kugeuza kichwa cha flashi, angalia vitu viwili: kilicho juu kina rangi gani, na kipo umbali gani. Dari nyeupe iliyo mita 3 ni bora kuliko difyuza yoyote utakayonunua. Kama juu hapafai, mwanga wako uje na kitambaa chake wenyewe.

Halafu kuna jasho. Kyela iko bondeni kandoni mwa Ziwa Nyasa, kwenye mwinuko wa takribani mita 500 kutoka usawa wa bahari, na joto lake lina unyevu ambao mtu aliyeteremka kutoka Tukuyu huuhisi mara moja. Paji la uso lenye jasho ni kioo: linaonyesha taswira ya taa yenyewe. Taa ndogo inaacha doa jeupe lililoungua, na poda ya mpambaji hulipunguza kwa muda mfupi tu. Taa kubwa inatandaza mng'ao uleule kwenye eneo pana, nao unapoa. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao huo mpana ni mali: ndio unaochora shavu, taya na daraja la pua. Ukiufuta wote, uso unakuwa bapa.

Mchana hesabu zinabadilika. Jua likiwa kali, kwa ISO 100 na kasi ya 1/200, unahitaji tundu la lenzi la karibu f/11. Softboksi yenye vitambaa viwili humeza mwanga mwingi, hivyo flashi ndogo hushindana na jua ikiwa karibu, kama mita 1. Ukiirudisha mita 2, mwanga unabaki robo. Matema ina dawa ya bure: Milima ya Livingstone, inayozidi mita 2,000, imesimama upande wa mashariki, hivyo jua la asubuhi huchelewa kufika ufukweni. Kabla halijachomoza juu ya mlima, anga lote ni difyuza, na flashi ibaki mkobani.

Tena si kila kitu kinataka mwanga laini. Chukua vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi kwenye soko la Lyulilo, jirani na Matema. Havipakwi vanishi ya kioo, na uzuri wake uko kwenye umbo na michoro. Softboksi ikiwekwa mbele, michoro inabaki lakini mikwaruzo ya mkono wa mfinyanzi inapotea. Toa difyuza, weka flashi kando, mwanga ukwaruze ubavu wa chungu: kila alama inainuka.

Yamebaki mambo mawili ya ziwani. Upepo kwanza: mwavuli wa sentimita 90 hutoa mwanga mzuri kwa bei ndogo, lakini hugeuka tanga na kuangusha stendi. Funga mfuko wa mchanga miguuni. Mchanga Matema haununuliwi. La pili ni kungu, wadudu wanaotoka ziwani kama moshi. Taa ya video inayowaka muda wote huwaita usiku. Flashi huwaka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ikazimika kabla hawajaifuata.

Mpigapicha wa Kyela mwenye fedha kidogo anunue softboksi ya kukunja ya sentimita 60, triga ya kuifyatua flashi ikiwa mbali na kamera, na amlipe kijana wa kuishika. Ukumbini penye dari nyeupe, ageuze kichwa cha flashi juu na asivishe kitu. Kikofia cha plastiki akichukue kama amepewa bure pamoja na flashi. Kukinunua peke yake kwa kazi za nje ni kutupa pesa.