Soma Kioo Kabla ya Jina: Namna ECC88 Inavyotambuliwa na Kulinganishwa

Jina lililochapwa kwenye valvu ya zamani ya kielektroniki halifai kuaminiwa mapema. Wino wa miaka ya 1960 hufutika kwa kidole gumba, na palipofutika jina moja panaweza kuchapwa jingine lenye bei kubwa zaidi. Hata pasipo udanganyifu, kampuni zilikuwa zikiuziana bidhaa: Amperex ya Marekani, iliyokuwa mali ya Philips, iliuza kwa nembo yake ya Bugle Boy valvu zilizotengenezwa Heerlen, Uholanzi. Ndiyo maana wajuzi wanaotafuta valvu ya amplifaya ya hedifoni huanza na kioo chenyewe na vyuma vilivyomo ndani.

ECC88, ambayo Wamarekani waliiita 6DJ8, ni mfano mzuri. Ilibuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya televisheni, ikuze mawimbi dhaifu ya antena bila kuongeza kelele nyingi. Gridi yake ilizungushwa kwa waya mwembamba mno uliokazwa juu ya fremu ngumu, ikasogezwa karibu sana na kathodi. Baadaye mafundi wa sauti waliipenda, na Lyr, amplifaya ya hedifoni ya kampuni ya Schiit iliyotoka mwaka 2011, ina soketi mbili zinazoipokea. Jina lake lina maana: E ni volti 6.3 za kupasha joto, na kila C ni triodi moja, yaani kikuza mawimbi kimoja, kwa hiyo ndani ya kioo kimoja mna triodi mbili. E88CC, au 6922, ni ndugu yake aliyetengenezwa kwa kazi ngumu za viwandani, na mara nyingi pini zake zimepakwa dhahabu.

Ushahidi wenyewe uko chini, karibu na pini. Viwanda vya Philips viliandika hapo kwa asidi mistari miwili midogo ya rangi ya kijivu, inayoonekana vyema valvu ikiinamishwa kwenye mwanga. Mstari wa kwanza hutaja aina: GA ni ECC88, 7L ni E88CC, na herufi au tarakimu inayofuata huonyesha badiliko la muundo. Mstari wa pili hutaja kiwanda na tarehe. Pembetatu ni Heerlen, B ni Blackburn na R ni Mitcham, vyote viwili vya Mullard, tawi la Philips huko Uingereza, na D ni Hamburg.

Tuseme mstari wa pili unasomeka Δ8H2. Hiyo ni Heerlen, mwaka unaoishia na 8, mwezi wa Agosti, wiki ya pili. Je, ni 1958 au 1968? Msimbo haujibu, ila geta inajibu. Geta ni kile kichuma cha juu kilichorusha madini ya kunasa hewa na kuacha utando wa fedha kwenye kioo. Ikiwa na umbo la D, valvu ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Ikiwa pete ya mviringo, ni ya muongo uliofuata. Utando huo ukigeuka mweupe, hewa imeingia na valvu imekufa, hata iwe na jina gani.

Telefunken ya Ujerumani ilitumia njia nyingine: almasi ndogo iliyobonyezwa kwenye kioo, katikati ya pini. Hiyo haifutiki kwa kidole.

Zinazofanana kwa sura zinahitaji uangalifu. PCC88 ina muundo uleule, lakini hupashwa joto kwa volti 7. 6N1P ya Kisovyeti huingia soketi hiyohiyo, ila hita yake hula miliampea 600 badala ya 365, mzigo unaoweza kuchosha transfoma. Mbadala halali wa Kisovyeti ni 6N23P, na kwa thamani ya fedha ni vigumu kuipita.

Ulinganisho wa sauti ndipo wengi wanapoteleza. Valvu mbili hazikuzi sawasawa, na sikio hupenda ile yenye sauti kubwa kidogo. Kwanza zipashwe joto, kisha toni ya hezi 1,000 ipigwe na volti zinazotoka kwenye tundu la hedifoni zisawazishwe kwa mita. Baada ya hapo muziki usikilizwe, kisha uzimwe. Hedifoni zimekaa juu ya sikio, hivyo mvumo, mikwaruzo na mlio wa kengele valvu inapogongwa taratibu kwa penseli husikika waziwazi. Tofauti hizi ni za kweli kuliko sifa nyingi zinazotajwa na wauzaji, na valvu tulivu isiyo na jina kubwa inastahili nafasi mbele ya yenye jina inayovuma.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha tatu: msimbo wa chini, geta, na vipimo vya kila triodi. Akikataa, tafuta mwingine.